Kidonda Kimoja, Bili Ngapi?

Kibarua wa godauni la Magongo akichanwa kiganja na utepe wa chuma wa kufungia mizigo, swali la nani atamlipia lina majibu, hata kama majibu yenyewe ni ya kuvutana. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri gharama. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ina mifuko yake mitatu. Wenzake nao watamchangia kwa simu. Ataingizwa chumba cha upasuaji mdogo, atapigwa ganzi, atashonwa, na atarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Siku ya nne mshono umevimba na usaha unachuruzika. Nyuzi lazima zikatwe, pafunguliwe, paoshwe, nyama iliyooza iondolewe, na pengine pashonwe tena wiki ijayo. Hapo majibu yanakwisha. Kazi ya leo ni mpya yenye bei yake, au ni mwendelezo wa ile iliyokwisha kulipiwa? Karani wa kaunta ana jibu lake, bima ina lake, mwajiri ana lake. Mgonjwa, ambaye ndiye mwenye mkono, hana hata moja analoweza kulionyesha kwenye karatasi.

Tumejipanga vizuri kiasi kulipia mkato wa kwanza. Kwa mkato wa pili hatuna kanuni ambayo mgonjwa, muuguzi na karani wote wanaijua. Katika pengo hilo mgonjwa hutolewa pesa asizotarajia, mganga mwaminifu hukosa haki yake, na mwenye nia mbaya hupata mlango wa kupitia.

Kurudi si kwa aina moja

Magongo panafaa kuliangalia swali hili kwa sababu majeraha ya hapa ni ya kila siku. Mtaa huu wa Changamwe, Mombasa, umekaa kati ya bandari, uwanja wa ndege wa Moi na barabara kuu ya Nairobi. Kuna yadi za makontena, karakana za trela, maghala, mafundi wa kuchomelea, na bodaboda zinazopenya katikati ya malori. Mengi ya majeraha hayo si ya kulazwa: kidole kilichobanwa na mlango wa kontena, chembe ya chuma iliyozama kwenye nyama, goti lililochubuka hadi mfupa ukaonekana. Ongeza na yale ambayo hayatokani na kazi, kama jipu la kwapani, ukucha uliojichimbia kidoleni, au kidonda cha kisigino cha mwenye kisukari. Yote yanamalizwa kwa ganzi, wembe, uzi na shashi. Na karibu yote yanamrudisha mgonjwa.

Lakini anarudi kwa nini? Wa kwanza anarudi kwa sababu aliambiwa arudi. Jipu likishapasuliwa halizibwi. Hujazwa shashi, na shashi hiyo hubadilishwa kila siku moja au mbili ili shimo lijae kutoka chini kwenda juu. Likifunga juu kabla ya chini, usaha unajificha na kazi inaanza upya. Nyuzi nazo zina siku zake: za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za kichwani kati ya siku 7 na 10, za mikononi na miguuni kati ya siku 10 na 14. Marudio haya yanajulikana tangu dakika mgonjwa anapolala kitandani.

Wa pili anarudi kwa sababu mambo yameharibika. Mshono umeingia usaha, au damu imevilia chini ya ngozi. Mara nyingine ni uzembe wa aliyeshona, mara nyingine ni mgonjwa aliyerudi kubeba magunia kesho yake. Mara nyingi hakuna wa kulaumiwa, maana kiganja kilichochanwa na chuma chenye grisi kiliingia kliniki na uchafu wake.

Wa tatu anarudi kwa sababu tiba yenyewe ni ya hatua. Mguu wa mwenye kisukari hausafishwi siku moja ukaisha. Nyama iliyokufa hukatwa kidogo, ikasubiriwa, ikakatwa tena, wiki baada ya wiki. Wa nne ugonjwa wake ni wa kurudi kwa tabia. Kovu linalokua likikatwa bila tiba nyingine ya kuandamana nalo, tafiti zimeonyesha hurudi kwa wagonjwa kati ya asilimia 45 na karibu wote. Wa tano amekuja na kidonda kingine kabisa, cha mguu, wakati cha mkono bado kina nyuzi.

Kitabibu watu hawa watano hawafanani. Kaunta inawaona kuwa ni mtu mmoja: mgonjwa amerudi.

Mfuko wa kwanza ni wa suruali

Katika kliniki ndogo za binafsi zilizopangana kando ya Magongo Road, malipo mengi bado ni ya taslimu au ya simu, na bei huenda kwa vipande. Kumwona daktari ni bei yake, kushona bei yake, sindano ya pepopunda bei yake, dawa bei yake. Kisha huja dresing, na mazungumzo ya kaunta huwa ya namna hii:

“Sista, mimi si nililipa juzi?”

“Ile ilikuwa ya kushona, kaka. Leo ni ya kufunga.”

Hakuna aliyedanganya hapo. Shashi ni ya kununua, glavu ni za kununua, na dakika 20 za muuguzi zina thamani. Kasoro ni kwamba kaka huyu hakuambiwa juzi kuwa bei aliyolipa ilikuwa ya theluthi moja ya tiba yake. Matokeo yake yanajulikana na kila anayefanya kazi chumba cha dresing: mgonjwa anakuja mara ya kwanza, anakuja ya pili, ya tatu hatokei. Anafunga mwenyewe kwa kitambaa, anamwagia unga wa kidonge alichouziwa dukani, na akirudi ni kwa mkato mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Kliniki hizo hizo zinajua kuuza tiba nzima kwa bei moja. Mzazi anayempeleka mtoto kutahiriwa wakati wa likizo hukubaliana na kliniki bei, na ndani ya bei hiyo mna ganzi, kukata, kufunga na kukaguliwa hadi mtoto apone. Mzazi asingekubali kuambiwa siku ya tatu kwamba kutazamwa ni pesa nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tohara ya hiari, uliofuatwa na mpango wa Kenya ulioanza Nyanza mwaka 2008, unataka mtu aonwe baada ya saa 48, siku 7 na wiki 6. Marudio yamehesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Kwa nini tohara iwe hivyo na jipu lisiwe? Tohara ina mnunuzi asiye na maumivu. Mzazi ana nafasi ya kuulizia kliniki tatu kabla ya kuamua. Mwenye jipu hajalala siku mbili, na atakubali bei yoyote ya kupasuliwa sasa hivi. Habari ya kesho haimjii kichwani, wala hakuna anayemkumbusha.

Bure ya zahanati na mpaka wa ngazi

Upande wa serikali, historia ni ya kwenda na kurudi. Ada za hospitali za umma zilianzishwa Desemba 1989, zikasitishwa mwaka uliofuata, zikarejeshwa. Mwaka 2004 zahanati zikaamriwa kutoza shilingi 10 na vituo vya afya shilingi 20. Juni 2013 hata hizo zikafutwa. Tangu 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, huduma za ngazi ya 2 na ya 3 hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo fedha zake hutoka serikalini. Mgonjwa hapo hatakiwi mchango, anatakiwa usajili tu.

Kwa kidonda kinachorudi, hii ndiyo sehemu bora zaidi ya mfumo mzima. Mgonjwa anaweza kufungwa kidonda mara kumi bila karani kuhesabu. Lakini kituo kinacholipwa kwa fungu, badala ya kulipwa kwa kila kazi, hakipati chochote cha ziada kwa kukuita tena, na kila shashi inayotumika kwako ni shashi iliyotoka kwenye fungu hilo. Pakikosekana vifaa, bure hugeuka kuwa bei ya duka la dawa la jirani: nenda kanunue bandeji, glavu na dawa ya kuoshea, uje nikufunge.

Taabu kubwa iko mpakani. Mshono ukiharibika kupita uwezo wa zahanati, mgonjwa huandikiwa kwenda hospitali ya Port Reitz, ngazi ya 4, au huvuka Makupa hadi Makadara, kama wakazi wanavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani ya Mafunzo na Rufaa. Huko upasuaji na kulazwa ni shughuli ya mfuko mwingine, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, na mfuko huu unataka michango iwe imelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa 550 na hana la kuamua. Mwendesha bodaboda hupimwa uwezo, na kiwango chake hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa uchache. Mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ulioletwa mwaka 2025 ulikusudiwa kupunguza uzito huo.

Kidonda kimoja, basi, Jumatatu ni cha bure na Ijumaa ni cha wanachama waliolipa. Hakijabadilika kuwa ugonjwa mwingine. Kimevuka ngazi tu. Na kilichokivusha ni lile tatizo ambalo mgonjwa hakulipanga.

Mwajiri ana mpaka wake pia. Kifungu cha 47 cha sheria ya 2007 kinamtaka alipe gharama za matibabu zilizo za haki kutokana na ajali ya kazini, ukiwamo upasuaji, uuguzi na dawa. Hakisemi malipo yanaisha na ziara ya kwanza. Anatakiwa pia kuiarifu ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu alipopata habari. Lakini kibarua wa kutwa hana barua ya kazi, na msimamizi aliyempa pesa za kushonwa huona ameshamaliza wema wake. Siku ya nne, bila fomu ya ajali, usaha wa mkononi hauna ushahidi kwamba ulianzia godauni.

Wenye bima za makampuni hukutana na ukuta wa namna nyingine. Bima nyingi zina kikomo cha matibabu ya nje na kikomo cha kulazwa, na upasuaji mdogo wa ganzi unakaa juu ya ua katikati ya hivyo viwili. Mara ya kwanza hospitali huomba idhini na huipata. Ikipeleka dai lingine la jina lile lile, la mtu yule yule, ndani ya wiki moja, dai hilo hufanana kabisa na dai lililotumwa mara mbili kwa makosa, na hukataliwa.

Msimbo unaona nini

Ili kuelewa kwa nini mashine haitofautishi, tazama kinachoandikwa kwenye dai. Ugonjwa hupewa msimbo kutoka orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi 1 Januari 2022. Jipu la ngozi humo ni 1B75.3. Msimbo huo ni sahihi siku ya kupasua, ni sahihi siku ya kubadilisha shashi, na ni sahihi jipu jipya likitokea kwapa la pili baada ya miezi mitatu. Orodha ilitengenezwa ili nchi zijue watu wanaugua nini na wanakufa kwa nini. Haikutengenezwa ili kumwambia mlipaji kama hii ni ziara ya kwanza au ya tano.

Shirika la Afya Duniani lina orodha nyingine ya vitendo vya tiba, inayoeleza sehemu ya mwili, kitendo na njia iliyotumika. Hiyo nayo itasema ngozi, kutoa usaha, kwa kukata. Kuhusu lini na kwa nini mara ya pili, iko kimya.

Wakati wa NHIF upasuaji uligawanywa katika mdogo, mkubwa na maalumu, kila kundi na kiwango chake. Mgawanyo huo uliona ukubwa wa kisu na haukuona mfuatano wa ziara. SHA ilikuja na jedwali refu na la kina zaidi, lakini nalo limejengwa juu ya jina la kazi na bei yake.

Cha ajabu ni kwamba Wizara ya Afya imekuwa ikihesabu marudio miaka yote. Fomu ya MOH 705, ambayo kila kituo cha umma hujaza kila mwezi, ina mstari wa waliokuja mara ya kwanza na mstari wa waliorudi. Fomu ya MOH 717 ya kazi za hospitali inahesabu kando kufunga vidonda, kushona na kutoa nyuzi, na inatenga tohara na upasuaji mdogo mwingine. Muuguzi wa chumba cha dresing anajua hesabu hiyo kwa vidole, maana ndiye anayechora vijiti vya tano tano kwenye karatasi mwisho wa zamu. Kwa takwimu, kurudi ni jambo linalotambulika. Kwa malipo, halina jina.

Waliojaribu kuandika kanuni

Marekani ndiko kanuni za jambo hili zilikoandikwa kwa urefu zaidi. Orodha yao ya kazi za madaktari, CPT, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1966, mwaka ule ule NHIF ilipoundwa hapa. Chini ya bima ya wazee, Medicare, kila upasuaji una kipindi ambacho bei yake inaendelea kufanya kazi baada ya kisu kuwekwa chini: siku 0, 10 au 90. Kupasua jipu la kawaida, msimbo 10060, ni siku 10. Ndani ya siku hizo, kukagua na kufunga kidonda kumo ndani ya bei. Kukata nyama iliyokufa kwenye kidonda, msimbo 11042, ni siku 0, kwa sababu inajulikana itarudiwa.

Kisha kuna alama za nyongeza za tarakimu mbili zinazoeleza sababu ya kurudi. 76 ni kazi ile ile iliyorudiwa na daktari yule yule, 77 ni iliyorudiwa na mwingine, 58 ni hatua iliyopangwa, 78 ni tatizo lililomrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji bila kutarajiwa, na 79 ni jambo jingine kabisa lisilohusiana na la kwanza. Ndio wale wagonjwa wetu watano wa Magongo, au karibu nao. Kwa alama ya 78 Medicare hulipa sehemu ya kazi ya kisu tu, kwani maandalizi na uangalizi vilishalipiwa. Kwa majeraha, Wamarekani wameongeza pia herufi mwishoni mwa msimbo wa ugonjwa: A kwa tiba inayoendelea ya awali, D kwa ufuatiliaji, S kwa athari zilizobaki.

Kabla hatujakimbilia kuiga, tuangalie kilichowapata. Mwaka 2014 wasimamizi wa Medicare waliamua kufuta vipindi vya siku 10 na 90, kwa shaka kwamba walikuwa wakilipia ziara zisizofanyika. Bunge likauzuia uamuzi huo Aprili 2015 na kutaka takwimu zikusanywe kwanza. Madaktari wa majimbo tisa wakaanza kuripoti ziara za baada ya upasuaji Julai 2017. Taasisi ya RAND ilipochambua ripoti hizo ilikuta kwamba, kwa upasuaji wa kipindi cha siku 10, ni asilimia 4 tu uliokuwa na ziara yoyote ya baadaye iliyoripotiwa. Pesa za kumtazama mgonjwa akirudi zilikuwa zimelipwa, na kurudi kwenyewe karibu hakukuonekana kwenye rekodi.

Somo hilo linatugusa moja kwa moja. Ukilipa kwa vipande, mgonjwa maskini anakimbia dresing ya tatu. Ukilipa kwa bei moja, kituo hakina haraka ya kumwita. Njia zote mbili zinaweza kuishia na kidonda ambacho hakuna aliyekiangalia.

Kivuli cha udanganyifu

Kwetu mjadala huu hauwezi kuendeshwa bila kutaja wizi, maana wizi ndio uliounda tabia ya walipaji. Juni 2023 taarifa za televisheni zilifichua hospitali zilizohusishwa na kuwachukua wazee kwenye kambi za matibabu ya bure na kisha kuidai NHIF upasuaji. Waziri wa Afya wa wakati huo, Susan Nakhumicha, alisimamisha baadhi ya hospitali. Chini ya SHA, Agosti 2025, Waziri Aden Duale alisimamisha vituo vingine na kuzitaja mbinu hadharani: mgonjwa wa nje kuandikwa kuwa amelazwa, kazi ndogo kupandishwa kuwa kubwa, na huduma zisizotolewa kudaiwa.

Upasuaji mdogo unaorudiwa ni shamba zuri la mbinu hizi. Hauachi kovu kubwa la kukagua. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki kama alifungwa mara nne au sita. Kupasua jipu moja kunaweza kugawanywa kuwa kukata, kusafisha, kujaza na kufunga, kila kimoja na dai lake. Kubadilisha shashi kunaweza kuandikwa kuwa upasuaji wa pili.

Walipaji wamejibu kwa kukagua na kukataa. Alama za vidole zinathibitisha kwamba mgonjwa alikuwapo, jambo jema, lakini mgonjwa wa dresing ya uongo na wa dresing ya kweli wote wawili huweza kuwapo na kuweka kidole. Kipimo kinachobaki ni kufanana kwa madai, na kwa kipimo hicho anayeumia kwanza ni mwaminifu. Afisa wa kliniki aliyesafisha mguu wa mgonjwa wa kisukari mara sita kwa wiki sita, akaandika ukweli mara sita, anaonekana mwizi zaidi kuliko aliyeandika upasuaji mmoja mkubwa wa uongo. Akikataliwa mara mbili tatu hujifunza. Ama ataacha kudai na kumtoza mgonjwa mfukoni, ama ataanza kumpa rufaa mapema ili mzigo uende Port Reitz, ama atabadilisha jina la kazi kila wiki ili mashine isimshuku. Hapo ukaguzi umemfundisha mtu mkweli kusema uongo.

Kanuni inayoweza kuandikwa

Kinachohitajika si orodha ndefu kama ya Marekani. Mambo manne yangetosha kuanzia.

La kwanza ni muda. Kila upasuaji mdogo kwenye jedwali la SHA uandikiwe siku ambazo bei yake inazifunika. Kushona na kupasua jipu kungefaa kupewa siku 14, kwa sababu nyuzi za mguuni hutolewa ndani ya siku hizo. Kusafisha kidonda cha kisukari kupewe siku 0, kila usafishaji ulipwe wenyewe, na mpango wa idadi ya usafishaji uombewe idhini mara moja mwanzoni.

La pili ni sababu. Kwenye dai la mgonjwa aliyerudi, mwandishi achague herufi moja kati ya nne: imepangwa, tatizo, ugonjwa umerudi, au jambo jipya. Atakayesema kwamba wauguzi wana makaratasi ya kutosha ana haki, lakini tofauti ya aliyekuja na aliyerudi tayari wanaijaza kwa ajili ya MOH 705. Herufi moja zaidi haitawavunja mgongo.

La tatu ni kulipa kurudi kunapotokea. Sehemu ya bei ya upasuaji izuiliwe hadi ziara ya mwisho iandikwe na mgonjwa athibitishe kwa kidole. Kituo kitakuwa na sababu ya kumpigia simu aliyepotea siku ya tatu, na mlipaji hatalipia ziara za hewa kama Medicare ilivyoshuku kwamba inalipia. Tatizo likitokea na ikabidi kukata upya, kilipwe kisu peke yake, kwa kiwango kilichopunguzwa. Kutolipa kabisa kungewafanya waganga waogope vidonda vichafu, na Magongo vidonda vingi huja vichafu.

La nne ni mpaka. Mshono ulioshonwa ngazi ya 2 ukiharibika ndani ya muda wake na kupelekwa ngazi ya 4, uhesabiwe kuwa ni kesi ile ile, bila mgonjwa kuulizwa upya kama michango ya mwaka imelipwa. Hili lina gharama kwa serikali, na lisifichwe. Lakini mgonjwa anayegeuzwa langoni kwa sababu ya mchango hurudi baadaye kulazwa, na kulazwa ni ghali kuliko kusafisha.

Hata kabla ya kanuni hizo, kuna lililo mikononi mwa watu. Mgonjwa aulize kabla ya ganzi: bei hii inanihudumia hadi lini, na nikirudi nitalipa nini? Kliniki inayoweza kujibu swali hilo kwa tohara inaweza kulijibu kwa jipu. Kibarua adai fomu ya ajali siku ile ile, hata kama jeraha linaonekana dogo, na aliyemshona aandike kwenye kadi jeraha lilipatikana wapi, limeshonwa nyuzi ngapi, na arudi lini. Maneno hayo matatu yatamsaidia zaidi siku ya nne kuliko risiti iliyoandikwa “huduma”.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilikwisha weka mlango wa kazi hii. Viwango hutangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali, na lipo jopo la wataalamu la kumshauri kuhusu huduma zinazolipiwa na bei zake. Jopo hilo halihitaji bunge wala sheria mpya kuongeza safu mbili kwenye jedwali, moja ya siku na moja ya sababu ya kurudi. Likiongeza, karani wa Magongo atakuwa na kitu cha kumsomea mgonjwa wa siku ya nne, na afisa wa kliniki atakuwa na mahali pa kuandika ukweli bila kuonekana mwizi. Lisipoongeza, kila kaunta itaendelea kujitungia kanuni yake, na atakayeilipa ni yule mwenye mkono uliovimba.